Kiazi Kwenye Taa

1

Mimi ndiye niliyepiga marufuku kiazi. Lisitajwe jina la mtu mwingine. Waraka ulitoka karakana ya taa ya Njombe ukiwa na sahihi yangu, Enesia Chaula, fundi mkuu, na ulikuwa na mstari mmoja niliojivunia sana siku ile: ni mwiko kupaka kitu chochote juu ya kioo cha taa ya mbele. Madereva wote wa barabara ya Makete walijua hicho kitu chochote ni kitu gani.

Theluji ilianza kutuangukia mwaka wa pili baada ya ndege kumwaga vumbi angani ili kulipunguza jua. Vumbi lile watu wakaliita Pazia. Wenzetu wa mabondeni wakapata hali ya hewa nzuri na mpunga wao, sisi wa nyanda za juu tukapata theluji, na mchana wetu ukawa hafifu hata magari yakawasha taa saa sita. Madereva hawakusubiri mtaalamu. Walichukua kiazi mviringo, wakakikata katikati, wakakisugua kwenye kioo cha taa, kama mama zetu walivyofanya kwenye madirisha enzi za baridi ya Juni. Utomvu ukikauka unaacha utando mweupe, na sakitu, ile barafu nyembamba ya umande, haishiki upesi.

Mimi niliuona ushamba. Nilikuwa nimetoka kusoma, nina cheti, na nina dawa.

Shida ya taa za LED ni kwamba hazina joto mahali linapotakiwa. Balbu za zamani, zile za waya, zilikuwa na ujinga mmoja mzuri: zilichoma. Umeme mwingi uliishia kuwa joto, joto likatoka mbele pamoja na mwanga, na theluji ikigusa kioo ilitiririka yenyewe. LED inakula umeme kidogo na mwanga wake unatoka baridi. Joto lake dogo linakwenda nyuma, kwenye mapezi ya alumini, likawapashe nani huko sijui. Theluji ikitua kwenye kioo cha LED inakaa kama mgeni aliyeletewa kiti.

Kwa hiyo nikatia ndani ya kioo waya wa kukipasha, mwembamba kuliko unywele. Lakini waya huo ukiwaka muda wote, lori linaishiwa betri kabla ya kumaliza mlima, kwa sababu betri hiyo hiyo inazungusha magurudumu na kumpasha dereva. Nikaweka kihisi nyuma ya kioo. Kinatupa mwali usioonekana, kinapima kiasi kinachorudi, na kukipa namba. Kioo safi ni kumi na mbili. Ikizidi kumi na mbili, kuna uchafu au barafu, waya unawaka. Ikirudi kumi na mbili, unazimika.

Madereva wakawa wanachezea namba ile, nikaifunga moja kwa moja ndani ya kihisi asiweze mtu kuibadilisha, hata mimi. Wakawa wanawasha waya kwa mkono na kukwama njiani, nikaiondoa swichi. Mwisho nikakataza kiazi. Kila nilipomnyima dereva kitu niliamini ninamwokoa.

Baba yangu, Mzee Yerimia Chaula, ndiye aliyekuwa akiongoza msafara wa Ndulamo. Alikuwa na miaka sitini na sita na alikuwa ameendesha barabara ile tangu ikiwa ya vumbi. Alisoma waraka wangu ukutani mbele ya wenzake, akavua kofia, akasema, "Mkubwa amesema." Walicheka wote. Nami nilicheka.

2

Jumanne ile msafara ulikuwa umeondoka alfajiri, malori kumi na tisa yamebeba masanduku ya joto. Ndani ya kila sanduku kuna chumvi iliyoyeyushwa kwenye tanuru zetu za Njombe. Sanduku moja linapasha kaya ishirini kwa siku sita, kisha linakuwa jiwe. Huko Ndulamo kuna watu elfu nne, na masanduku yao ya mwisho yalikuwa yanazimika kesho yake asubuhi.

Saa nne nilikuwa karakana nikijaribu taa moja iliyobadilishwa kioo. Niliiweka kwenye chumba cha baridi, nikapuliza ukungu. Siku zote nilikuwa nikijaribu kwa theluji kavu ya kusagwa, inayojaa haraka na kuamsha kihisi haraka. Ukungu nilikuwa sijaujaribu. Sina sababu. Sikuujaribu tu.

Ukungu uliganda kwenye kioo polepole, tabaka jeupe jembamba. Mwanga ukaanza kutawanyika ukutani, ukapoteza umbo. Nikatazama namba. Saba. Nane. Kumi. Sikuelewa kwa nini ilianzia chini namna ile. Mwanga ulipokuwa umekufa kabisa, ukutani pamebaki doa tu kama la maziwa, namba ilifika kumi na mbili na kwenye skrini likatokea neno la kijani: SAFI.

Nikaendelea kupuliza. Ilipofika kumi na tatu waya uliwaka, lakini barafu sasa ilikuwa nene kama kidole. Ikayeyuka upande wa ndani tu, pakabaki uwazi kati yake na kioo, na ganda la nje likakaa pale pale kama kofia. Joto halikulifikia tena.

Nilikwenda kabatini nikatoa kioo cha mfano, kile nilichotumia kuvifundisha vihisi vyote maana ya usafi. Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi kwa heshima zote. Nikakikwaruza kwa ukucha. Unga mweupe.

Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kulikuwa na iodini. Kila mtoto aliyepita darasani anaijua kazi yake: ikigusa wanga inageuka bluu nyeusi. Nikadondosha tone moja juu ya kioo. Likageuka bluu nyeusi mbele ya macho yangu.

Nikakumbuka ile wiki. Tulikuwa wachache, mafundi wawili wana homa, na Baba alikuja kunisaidia siku zake za mapumziko. Nilimwambia, "Baba, nifutie kile kioo vizuri, nataka king'ae." Yeye alikifuta vizuri kwa namna aliyoijua maisha yake yote. Kikakauka. Nikakiweka mbele ya mashine, na nikavifundisha vihisi mia sita kwamba kioo chenye utando wa kiazi ndicho kioo kisafi.

Wakati ule madereva walikuwa bado wanapaka, kwa hiyo taa zikafanya kazi. Utando wa kiazi ulijaza ile kumi na mbili, na barafu kidogo tu ikija juu yake waya unawaka papo hapo. Taa zangu zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba nikaona kiazi hakina haja tena. Nikaandika waraka. Huo waraka ulikuwa na siku tisa, na siku hizo tisa hapakuwa na ukungu.

3

Bwana Gwerino Mligo, mkuu wa misafara, alinisikiliza amesimama. Nilimwonyesha kioo, nikamwonyesha skrini. Alikuwa mtu mzito, mwepesi wa kuelewa.

"Kilolelo kuna nini leo?" nikamuuliza. Kilolelo ni mpando wa kilomita nne, kona saba, mkono wa kushoto mwamba na wa kulia korongo.

"Ukungu," akasema. "Wameingia sasa hivi."

"Basi niruhusu nitangaze kwamba taa ni mbovu."

"Nani akuzuie? Wewe ndiye fundi mkuu. Ukitangaza, kanuni inafanya kazi yenyewe: magari yote yenye taa hizi yanazimwa kutoka makao makuu, pale pale yalipo. Yakizimwa, na joto la dereva linazimwa. Leo Kilolelo ni nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Gari la uokoaji, lile la minyororo, linachukua saa tisa kufika." Alikaa. "Na Ndulamo masanduku yanazima kesho asubuhi. Mama yangu yuko Ndulamo, Fundi. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia ili ujue sina akili timamu katika jambo hili."

"Nisipotangaza wanapanda vipofu."

"Najua."

"Sasa nifanye nini, Bwana Mligo?"

"Mimi sijasikia chochote," akasema. Kisha akanisogezea redio ya upepo. "Zungumza na baba yako. Lakini kumbuka makao makuu wanasikiliza. Ukisema taa ni mbovu, umetangaza."

Nimeitafakari dakika ile mara nyingi. Watu wanadhani mtu akiwa njia panda anapima huku na huku. Mimi sikupima kitu. Nilitaka tu kuisikia sauti ya Baba.

4

"Msafara wa Ndulamo, hapa karakana."

"Karakana, nakupata. Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, Baba. Barabara mnaionaje?"

"Kwa shida. Mwanga umekuwa kama maziwa. Lakini hapa kwenye dashibodi imeandikwa safi, kwa hiyo nikamwambia Tula haya ni macho yangu ya uzee." Tula ni Tulalumba Mbwilo, dereva mwenza wake. Nilimsikia akicheka nyuma.

"Siyo macho yako, Baba."

Bwana Mligo aliinua mkono kunionya.

"Baba, unalikumbuka dirisha la jikoni? Mama alivyokuwa analifuta mwezi wa sita?"

Redio ilikwaruza. Baba yangu hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Nalikumbuka," akasema taratibu.

"Hapo ulipo unacho cha kufutia?"

"Sina, mama. Ulikataza. Siku ile ile nilivitoa vyote kwenye gari nikavirudisha kwenye debe la mbegu. Wenzangu wengine walificha kimoja kimoja, nikawasimamia wakatoa. Ningeweka wapi uso wangu, nivunje amri ya mwanangu mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Enesia. Upo?"

"Nipo, Baba."

"Nani aliharibu?"

Kioo cha mfano kilikuwa mbele yangu, na lile tone la bluu nyeusi juu yake.

"Mimi, Baba. Ni mimi."

"Haya," akasema, bila ukali wowote. "Kila mtu anaharibu. Sasa sikiliza. Kusimama hapa hatuwezi, tutaganda. Kugeuza hakuna nafasi. Na wale kumi na wanane nyuma wanafuata taa zangu mimi, kwa hiyo nikiingia korongoni tunaingia wote. Tula atashika usukani. Mimi nashuka, natembea mbele, kila kona nafuta taa na kumwonyesha ukingo."

"Baba, baki ndani."

"Nikae ndani nifanye nini?"

Nilikuwa na neno moja la kumzuia. Ningelitamka, malori yangezimwa, naye angekaa ndani ya gari lililozimwa akisubiri saa tisa pamoja na wenzake ishirini na tisa. Labda wangekumbatiana wakapona. Labda. Sikulitamka. Nilisema, "Vaa glavu, Baba."

Kuanzia hapo aliyesema redioni ni Tulalumba. Kona ya kwanza: Mzee anafuta kwa gunia. Kona ya pili: gunia limeganda limekuwa kama ubao, anafuta kwa kofia. Kona ya tatu walisimama muda mrefu hadi Bwana Mligo akafungua kola ya shati. Kona ya nne.

"Dada Ene, glavu zimeloa, amezivua. Anakwangua kwa kucha."

"Mwambie arudi ndani. Ampokee mwingine."

"Nimemwambia. Dereva wa lori la pili ameshuka kumpokea, Mzee amemfukuza. Anasema hawa hawazijui hizi kona kwa miguu."

Kona ya tano. Kona ya sita. Ilikuwa saa nane mchana, na dirishani kwetu kulikuwa na giza la magharibi kama kawaida ya siku hizi. Bwana Mligo alikuwa anasali kwa kupiga piga kidole mezani.

"Kona ya saba," akasema Tulalumba. "Tumevuka. Tumevuka wote kumi na tisa."

Bwana Mligo alifunika uso. Nilibonyeza redio.

"Tula, mpe Baba."

"Yuko ndani hapa, Dada. Hawezi kuishika. Vidole havikunji."

"Mwekee mdomoni."

Nilisikia pumzi. Ndefu, kisha kimya, kisha nyingine. Halafu akasema kitu kidogo ambacho kilikuwa salamu tu, ile ile ya asubuhi, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

Walimfikisha zahanati ya Ndulamo. Sanduku la kwanza kushushwa waliliweka kando ya kitanda chake, wakalifungua lote, chumba kikawa na joto hata muuguzi akavua sweta. Alikufa saa kumi na moja jioni, ametoka jasho.

5

Siku tatu baada ya kumzika, Bwana Mligo alikuja nyumbani na taarifa ya safari. Hakukaa.

Kumbukumbu za vihisi zilikuwa zimeambatishwa. Niliisoma safu nzima, kona ya kwanza hadi ya saba. Safi. Safi. Safi. Vihisi vyangu vilikuwa vimetazama barafu ile ile iliyomuua baba yangu na kuisalimia kwa rangi ya kijani. Chini yake makao makuu walikuwa wameandika kwamba mfumo umethibitika katika hali ngumu, na utafungwa kwenye magari ya barabara zote za baridi.

Mstari wa mwisho ulisema: dereva aliacha chombo bila idhini, kinyume na utaratibu, akapatwa na baridi.

"Huu mstari uondoe," nikasema.

"Siwezi. Nikiuondoa wataniuliza kwa nini alikufa."

"Alikufa kwa sababu yangu. Waambie."

"Waambie wewe. Usiisaini hii taarifa. Barabara itafungwa hadi taa mpya zije, miezi minne. Masanduku ya Ndulamo yana siku mbili." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikuamulii, Enesia. Wallahi sikuamulii. Mama yangu mwenyewe ameniambia, kama ni kwa uongo, acha nife. Lakini wako elfu nne, na sijawauliza wote."

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Nilitafuta mtu mwingine wa kumchukia, nikakuta ni mimi, na aliyekifuta kioo kwa upendo.

Nikasaini. Niliandika jina langu chini ya uongo kuhusu taa, na chini ya uongo kuhusu baba yangu, kwa kalamu ile ile, kwa mwandiko mzuri.

6

Baba alikuwa na debe moja la viazi vya mbegu, amevipanga kwenye majivu na majani makavu, ndani ya stoo isiyoganda kwa sababu imeshikana na jiko. Mashamba yalikufa mwaka wa tatu wa Pazia. Wengine walikula mbegu zao. Yeye alikataa. Kila Jumapili alivigeuza kimoja kimoja, akavunja machipukizi yaliyozidi, akaotesha vichache ndani ya ndoo dirishani ili mbegu isizeeke. "Pazia litashuka siku moja," alisema. "Likishuka, watu watapanda nini?" Tarafa nzima hakuna debe jingine; hata viazi vya madereva vililiwa baada ya waraka wangu.

Nilivihesabu sakafuni. Mia moja hamsini na viwili.

Nilikuwa nimejaribu vitu vingine, usidhani sikujaribu. Uji wa mahindi uliganda mabonge. Wanga wa muhogo ulipukutika lori lilipotikisika. Kihisi nilichokifunga kwa mkono wangu kilikuwa kinajua usafi wa aina moja tu. Na kiazi kilichokatwa, katika baridi ile, hakidumu. Waya ukiwaka, barafu inayeyuka na kuondoka na utomvu, kwa hiyo dereva lazima apake upya kila kituo, na kipande cha jana kinakuwa tope jeusi. Lori moja linahitaji viazi viwili kwenda na kurudi. Malori kumi na tisa, viazi thelathini na vinane. Debe la Baba lilitosha safari nne. Siku ishirini na nne.

Alfajiri ya msafara nilisimama uwanjani na ndoo na kisu. Sikumwambia mtu habari za kihisi. Nilisema tu waraka umefutwa. Madereva walikuja mmoja mmoja, wakavua kofia, wakapokea vyao viwili. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikigeuza kiazi akaona machipukizi yameanza kutoka, ya zambarau, akanitazama, akakitia mfukoni.

Tulalumba ndiye aliyekuwa anaongoza sasa. Alisugua taa ya kulia, nami nikasugua ya kushoto. Utomvu ulinichoma kwenye michubuko ya vidole. Kwenye dashibodi ikasomeka kumi na mbili, safi, na safari hii ilikuwa kweli.

"Dada Ene," akasema, amenipa mgongo. "Hivi siyo vile vya mbegu?"

"Ndivyo."

Aliendelea kusugua hadi kipande kikaisha mkononi, kikabaki ganda.

"Na vikiisha?"

Nilifuta kisu kwenye sketi. Nyuma yetu malori yalikuwa yanawashwa moja baada ya jingine.

"Vikiisha," nikamwambia, "mtaondoka bila viazi, na mimi nitasaini."